WITCH ya Zambia: nani ana haki ya kuchagua albamu bora?

Zaidi ya miaka arobaini na tano imepita tangu vijana wa Zambia wamalize kurekodi albamu zao tano, lakini ubishi juu yao haujaisha. Ipi ni bora kati ya diski za kundi la WITCH? Ni Introduction, ile ya kwanza kabisa? Ni Lazy Bones!! ya mwaka 1975? Ama ni Lukombo Vibes, iliyofuata mwaka 1976? Wapenzi wa muziki huo unaoitwa Zamrock, kutoka Lusaka mpaka London na Los Angeles, wamegawanyika kambi tatu, na kila kambi inaamini kwamba nyingine mbili hazijasikiliza vizuri.

Kwa mkaaji wa Lubumbashi, Likasi ama Kolwezi, huu si ubishi wa watu wa mbali. Kitwe, mji ambako mwimbaji wa WITCH alikulia, uko saa chache tu za barabara kutoka Lubumbashi, siku ambazo malori ya Kasumbalesa hayajafunga njia. Kibemba kinasemwa pande zote mbili za mpaka. Mukuba ndio ulioleta mishahara pande zote mbili. Hata hivyo, watu wengi wa upande huu wanaoweza kutaja nyimbo kumi za Franco bila kufikiri hawajawahi kusikia jina la Jagari.

Ubishi wa mashabiki ni jambo zuri. Muziki usiobishaniwa umekwisha kufa. Lakini ubishi huu wa WITCH una kasoro moja kubwa: unafanywa zaidi na watu waliofika baada ya karamu kwisha, huku wale waliokuwa ndani ya ukumbi hawaulizwi.

Vijana wa uhuru na mukuba

Kundi hilo lilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 70, wakati Zambia ilikuwa haijatimiza hata miaka kumi ya uhuru wake wa tarehe 24 Oktoba 1964. Emmanuel Chanda aliimba. Chris Mbewe alipiga gita la solo, John Muma gita la kusindikiza, Gedeon Mulenga besi, na Boidi Sinkala ngoma. Kinanda kilikuwa cha Paul Mumba. Herufi za jina WITCH zinasimamia maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tunakusudia kuleta fujo". Chanda naye alichukua jina la Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones, akalimalizia kwa sauti ya nyumbani: Jagari.

Jina hilo peke yake linaeleza mengi. Katika miaka ileile, Zaire ya Mobutu ilikuwa ikiwalazimisha wakaaji wake kuacha majina ya Kizungu, kwa siasa ya kurudi kwenye asili. Ng'ambo ya mpaka, kijana mmoja alichukua jina la Mzungu na kulifanya la kwake. Njia zilikuwa mbili, lakini swali lilikuwa moja: mtu aliyepata uhuru juzi anawezaje kuwa wa kisasa bila kuwa kivuli cha mwingine?

Feza za mukuba zilisaidia kujibu. Bei ilipokuwa nzuri, miji ya migodi ilijaa redio, gita za umeme na diski kutoka ng'ambo. Vijana walisikia Jimi Hendrix, Deep Purple, James Brown na Rolling Stones, wakaanza kuwaiga katika kumbi za mitaani. Kisha Rais Kenneth Kaunda akaagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redio ya taifa iwe ya Kizambia. Redio ikajikuta inahitaji nyimbo ambazo zilikuwa hazijarekodiwa, na makundi yaliyozoea kuiga yakalazimika kutunga. Studio zilikuwa chache sana, na wengi walitegemea Nairobi kwa kurekodi ama kuchapa diski zao. Hata hivyo, katika muda wa miaka michache zikatoka kazi za Musi-O-Tunya wa Rikki Ililonga, Amanaz, Keith Mlevhu, Ngozi Family ya Paul Ngozi na wengine wengi. WITCH ndio waliokuwa na jina kubwa kuliko wote.

Kambi tatu

Kambi ya kwanza inatetea Introduction. Hoja yake ni ya historia kwanza, muziki baadaye. Vijana hawa hawakusubiri kampuni kubwa iwafungulie mlango. Walitoa diski yao wenyewe, katika inchi ambayo biashara ya diski ilikuwa haijasimama, na mara nyingi inatajwa kuwa albamu ya kwanza ya Kizambia kuuzwa sokoni. Ukiisikiliza leo, sauti yake ni nyembamba, kinanda kinalia kama kiko chumba cha pili, na mahali fulani vyombo vinakaribia kupotezana. Wafuasi wake wanasema uzuri uko hapohapo. Unasikia watu wanaovumbua kitu, bila kujua kama kitaitwa nini.

Kuna pia wachache wanaoitetea In the Past ya mwaka 1974, albamu ya pili. Hoja yao ina nguvu kidogo tu. Diski hiyo ni daraja: kundi limeshajifunza kutunga, lakini bado halijaamua linataka kusema nini. Daraja halisifiwi kwa uzuri wake. Linashukuriwa kwa kukuvusha.

Kambi ya pili ni kubwa, na inasimama nyuma ya Lazy Bones!!. Hapa gita la Chris Mbewe linaunguruma na kulia kama mtu, besi ya Mulenga inatembea kwa uzito, na ngoma za Sinkala hazina haraka. Nyimbo kama Black Tears na Motherless Child zina giza ambalo halikuwamo katika diski za kwanza. Wakusanyaji wa diski wa Ulaya na Marekani wanaiweka albamu hii juu ya zote, na wanalipa pesa nyingi wakipata nakala ya zamani iliyo safi.

Kambi ya tatu inashikilia Lukombo Vibes. Hoja yake ni kwamba hapa ndipo WITCH waliporudi nyumbani. Midundo inalegea na kuchezeka, na kuna wimbo kama Kangalaitoito, ambao hata jina lake halikuombwa kwa Waingereza. Kwa wafuasi wa kambi hii, Lazy Bones!! ni diski ambayo kundi la Birmingham lingeweza kuitoa, lakini Lukombo Vibes isingetoka mahali pengine isipokuwa Zambia.

Baada ya hapo ikaja Including Janet mwaka 1977, ya mwisho katika zile tano za kundi la kwanza. Jagari alipoondoka, wengine waliendelea na sura nyingine, karibu na disko, mpaka Kuomboka ya mwaka 1984, yenye jina la sherehe kubwa ya Walozi. Mashabiki wa rock huipita hiyo bila kusimama.

Mizani mbovu

Ukisikiliza kambi hizi kwa makini, unagundua kwamba zinapima kwa mizani miwili, na yote miwili imeletwa kutoka nje.

Mizani ya kwanza inauliza: muziki huu unakaribia kiasi gani rock ya Wazungu? Kwa mizani hiyo Lazy Bones!! inashinda kwa sababu inaweza kuwekwa kando ya Black Sabbath bila aibu. Mizani ya pili inauliza kinyume chake: muziki huu una Uafrika kiasi gani? Kwa hiyo Lukombo Vibes inapata alama, kwa kuwa msikilizaji wa mbali anasikia kitu alichotarajia kusikia kutoka Afrika. Mmoja anataka Jagari awe Jagger. Mwingine anataka asiwe Jagger hata kidogo. Wote wawili hawamruhusu awe Chanda wa Kitwe, aliyependa Rolling Stones na kusikia ngoma za kwao siku moja, bila kuona kwamba kuna ugomvi kati ya hivyo viwili.

Wakongomani wanaujua mtego huu. Zaïko Langa Langa walipoanza mwezi wa Desemba 1969, walitoa tarumbeta na saksofoni nje na kuacha gita na ngoma zitawale. Wazee walilalamika kwamba vijana wanaharibu rumba kwa mambo ya ng'ambo. Leo hakuna anayesema Zaïko si Wakongomani. Walichukua walichokitaka kutoka nje, wakakitia katika chungu chao, na kilichopikwa kikawa chakula cha nyumbani. Kwa nini WITCH wapimwe kwa namna nyingine?

Mizani ya haki inauliza jambo jingine: ni diski gani inayobeba vizuri zaidi maisha ya watu waliokuwa wanaipiga na waliokuwa wanaisikiliza? Kwa mizani hiyo, jibu bado ni Lazy Bones!!, lakini kwa sababu tofauti na ile ya wakusanyaji. Mwaka 1975 bei ya mukuba duniani ilikuwa imeanguka. Inchi iliyokuwa imejenga kila kitu juu ya madini hayo ilianza kuona mifuko inatoboka. Vita vya ukombozi vilikuwa vinawaka kwa majirani. Zile sherehe za miaka ya kwanza ya uhuru zilikuwa zimepoa. Uzito wa albamu ile, huzuni yake na mwendo wake usio na haraka, si mapambo yaliyokopwa kutoka Uingereza. Ni hali ya hewa ya mahali na wakati. Ndiyo maana mtu aliyeishi Lubumbashi katika miaka ileile, akaona mshahara wa Gécamines ukipungua nguvu mwaka hadi mwaka, anaweza kuielewa bila kusoma kitabu chochote cha historia ya rock.

Lukombo Vibes ni diski ya furaha na inastahili kupendwa. Introduction ni cheti cha kuzaliwa na inastahili heshima. Lakini Lazy Bones!! ndiyo inayosema ukweli mchungu, na inausema bila kuigiza.

Mashahidi wasioitwa

Hukumu hiyo inaweza kupingwa, na inafaa ipingwe. Shida ni kwamba wenye haki ya kwanza ya kuipinga hawasikiki.

WITCH walikuwa kundi la jukwaani kabla ya kuwa kundi la diski. Watu waliwajua kwa usiku mrefu wa kucheza katika kumbi za miji, kwa vituko vya Jagari mbele ya umati, kwa jasho. Diski ilikuwa kitu cha wenye uwezo: ilihitaji feza ya kuinunua, na ilihitaji chombo cha kuipigia. Kwa msichana ama kijana wa Kitwe ama Mufulira aliyecheza muziki huo mwaka 1975, swali la albamu bora pengine lisingekuwa na maana. Yeye angeuliza ni usiku gani ulikuwa bora, na wimbo gani uliwainua wote kutoka kwenye viti. Hakuna mkusanyaji wa diski anayeweza kumjibia.

Kisha mambo yakaharibika. Uchumi ukaporomoka, disko ikachukua kumbi, kaseti za wizi zikaua mauzo ya diski. Katika miaka ya 80 na 90 ukimwi ukapita katika kizazi hicho cha wanamuziki kama moto wa kiangazi. Kati ya vijana wa kwanza wa WITCH, Jagari peke yake ndiye aliyebaki hai. Alikwenda kuchimba mawe ya thamani ili kulisha jamaa yake. Kwa miaka mingi mtu aliyejaza viwanja alikuwa mchimbaji kama wengine, na vijana wa inchi yake hawakujua kwamba aliwahi kuimba.

Lazima kusema ukweli: walioufufua muziki huu ni wageni. Mwaka 2012, kampuni ya Now-Again ya Los Angeles ilitoa upya albamu za kundi hilo katika sanduku moja. Mwaka 2019 ikatoka filamu ya Gio Arlotta juu ya Jagari. Akazunguka Ulaya na Marekani na kundi jipya lenye Waholanzi ndani yake, pamoja na Patrick Mwondela, mpiga kinanda wa WITCH ya baadaye. Mwaka 2023 ikatoka Zango, iliyorekodiwa Lusaka, ambamo sauti ya Jagari inakutana na ya Sampa the Great, msanii aliyezaliwa Zambia na ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Bila watu hao wa mbali, leo kusingekuwa na cha kubishania. Kuwalaumu kungekuwa ukosefu wa shukrani.

Lakini aliyeokota mali iliyoanguka njiani hawi mwenye mali hiyo, na wala si yeye peke yake wa kueleza ilikuwa nzuri namna gani. Orodha za albamu bora zinazozunguka leo zimeandikwa na watu wanaosikia diski tu. Zinaeleza gita, zinaeleza bei ya nakala za zamani, zinaeleza jalada. Hazielezi jinsi mtu alivyorudi nyumbani kwa miguu usiku baada ya onyesho, wala alivyokaripiwa na baba yake kwa sababu ya suruali pana na nywele ndefu. Habari hizo ziko katika vichwa vya watu ambao sasa wana miaka sabini na zaidi. Kila mwaka wanapungua.

Na upande huu wa mpaka?

Hapa ndipo jambo hili linapowagusa Wakatanga moja kwa moja. Zambia, pamoja na matatizo yake yote, ilipata bahati: diski zilikuwapo, ingawa chache, na mtu mmoja alibaki hai wa kusimulia. Katanga haina uhakika hata wa hilo.

Mfano wake uko wazi. Mwenda Jean Bosco, mmoja wa wapiga gita wakubwa kabisa ambao Afrika imewahi kuwazaa, aliyeimba kwa Kiswahili cha hapa, alirekodiwa mwaka 1952 huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, na Hugh Tracey. Rekodi hizo zimehifadhiwa katika maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, kwenye Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mwanafunzi wa Likasi anayetaka kujua kilichopigwa katika mji wake anaanzia kwenye hifadhi ya inchi nyingine. Rumba ya Kongo imeingia katika orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2021, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini muziki wa miji ya migodi, ule wa gita moja kwenye kiti mbele ya nyumba na ule wa makundi ya vijana wa mitaa ya Kenya, Katuba na Kamalondo, bado unategemea kumbukumbu za wazee na kaseti zilizoliwa na vumbi.

Mtu anaweza kusema: barabara hazipitiki, umeme unakatika, vita mashariki havijaisha, na nyinyi mnazungumza habari ya diski za zamani? Hoja hiyo ina uzito. Lakini kuhifadhi diski hakuhitaji bajeti ya Serikali. Kunahitaji simu inayorekodi sauti, saa mbili za kukaa na mzee, na daftari la kuandika majina: nani alipiga gita, nani alipiga ngoma, ilikuwa ukumbi gani, mwaka gani. Redio za mitaani zinaweza kufanya hivyo katika kipindi kimoja kwa juma. Shule za muziki na vyuo vikuu vya Lubumbashi vina wanafunzi wanaotafuta kazi za mwisho za masomo. Na yeyote mwenye sanduku la diski chini ya kitanda, asiliuze kwa mpita njia kabla mtu hajanakili kilichomo.

Wazambia walioko karibu wanapaswa kufanya vilevile, na haraka zaidi, kwa kuwa dunia nzima inawatazama sasa. Siku waliocheza muziki wa WITCH miaka ya 70 watakapoitwa kwenye meza ya ubishi, huenda wakacheka orodha zote. Huenda wakasema Lazy Bones!! ilikuwa nzito mno kwa kucheza, na kwamba kila mtu alikuwa akingoja Janet. Huenda wakataja wimbo ambao haukuingia kwenye diski yoyote. Hukumu iliyotolewa hapa juu ya Lazy Bones!! itakuwa imeanguka, na wapenzi wa kundi hilo watakuwa wamepata kitu kizuri kuliko orodha.

Mpaka siku hiyo, kambi tatu na ziendelee kubishana. Tena Wakatanga wajiunge nazo, kwa maana masikio yao yalilelewa na mukuba uleule. Lakini kabla ya kuandika orodha nyingine ya albamu bora, kila mmoja aanze na mzee aliye karibu naye, amuulize alicheza nini mwaka 1975.